Chama cha Kufukuana

Ukizaliwa Moshi, dunia nzima inakuhesabu mpanda mlima. Hakuna anayekuuliza kama umewahi kufika kileleni; wanakuuliza ilikuchukua siku ngapi. Nilipopata kazi kwenye ghala moja huko Kent, kusini mwa Seattle, habari kwamba natoka chini ya Kilimanjaro zilinitangulia mpaka idara ya upakiaji, na msimamizi wa zamu akanipa mkono kwa heshima ambayo hata ukweni sijaipata.

Ukweli wa mambo ni kwamba sisi watu wa Moshi mlima tunautazama. Tunautazama asubuhi mtu akipiga mswaki uani, tunautazama jioni tukingoja daladala, na mawingu yakiufunika hatuhangaiki, tunajua upo. Wanaoupanda ni wageni waliolipa dola na vijana wetu waliolipwa shilingi. Mtu wa Moshi akianza kupanda mlima bila kulipa wala kulipwa, ndugu zake wanaitana kikao.

Kent nako kuna mlima. Mvua ikikatika, Mount Rainier huchomoza kusini-mashariki, mweupe tangu mabegani hadi utosini, mita 4,392 za volkano iliyovaa barafu. Nilishaamua kuutazama huo nao kwa amani mpaka siku ya kustaafu. Aliyeniharibia mpango ni Dada wa Eldoret.

Dada huyu ni muuguzi wa zamu za usiku huko Tacoma, na ndiye katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Wanaoishi nje wanavijua vyama hivi. Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi tunachanga kila mwezi ili siku mmoja wetu akitangulia, mwili urudi nyumbani bila familia kuuza shamba. Mweka hazina wetu ni mzee mmoja wa Tanga tunayemwita Baba Mkubwa, mtu ambaye dola ikishaingia kwenye daftari lake haitoki mpaka aone cheti cha kifo, na hata hapo atauliza kama hakuna nakala iliyo wazi zaidi.

"Wewe Mbongo," Dada aliniambia tukikunja viti baada ya kikao, "umetoka Kilimanjaro yenyewe na hujui skii? Aki hiyo ni aibu. Nitakupeleka."

Nikamjibu kwamba skii naijua kidogo. Nilikuwa nimekwenda na wenzangu wa ghalani kwenye viwanja vyenye lifti, nikajifunza kuteremka, nikajifunza na kusimama, ingawa kusimama kwangu kulitegemea kama kuna mtu au kitu mbele yangu. Dada akacheka. Hiyo ya lifti, akasema, ni skii ya kubebwa.

Yake yeye ni ya porini. Huko hakuna kiti cha kukuinua, hakuna mteremko uliolainishwa na mashine, wala hakuna askari wa doria wa kukuokota. Mnapanda kwa miguu yenu nusu ya siku, mnateremka kwa dakika chache. Ukimwonyesha mchumi hesabu hizo, atashauri biashara ifungwe. Watu wanauita mchezo wa kuteremka, lakini maisha yake yote yako kwenye kupanda, na huko kwenye kupanda ndiko vituko vyote vinakokaa vikikusubiri.

Njia aliyonichagulia inaanzia Paradise, kwenye mita 1,650 hivi, chini kuliko geti letu la Marangu, na inapanda uwanda mpana wa theluji uitwao Muir Snowfield mpaka Camp Muir, karibu mita 3,100. Umbali ni kama kilomita saba. John Muir, yule mwandishi na mtetezi wa misitu, alipita huko mwaka 1888 akienda kileleni, ndipo jina likabaki. Miteremko yake mingi si mikali, na ukishika njia hukanyagi barafu yenye nyufa. "Ni mlima wa wanaoanza," Dada aliniambia. Kwa mtu aliyezaliwa Eldoret, mita 2,100 juu ya bahari, na ambaye mapafu yake yalianza mazoezi siku ya arobaini, kila mlima ni wa wanaoanza.

Kwanza vifaa. Vifaa vipya vya mchezo huu bei yake inaezeka nyumba Himo, kwa hiyo nikaenda duka la mitumba ya michezo. Nilijiamini. Mimi nimekulia Memorial, soko la mitumba la Moshi, ambako mtoto anajua kuikunjia uso bei kabla hajajua kusoma. Nikaikunjia uso skii moja. Kijana wa dukani akaniuliza kama najisikia vibaya.

"Bei ya mwisho?"

"Iliyoandikwa."

"Basi naondoka."

"Karibu tena."

Nikaondoka polepole, kwa ule mwendo wa Memorial wa mtu anayengoja kuitwa. Nikafika mlangoni. Nikakagua kofia zilizokuwa karibu na mlango. Nikakagua na soksi. Hakuniita. Nikarudi nikalipa iliyoandikwa.

Skii za porini zinatofautiana na zile za lifti kwenye vifungio. Ncha ya buti inashikwa na vijipini viwili pembeni, kisigino kinabaki huru, unatembea. Ukifika juu unakifunga kisigino nacho, unateremka. Aliyebuni vifungio hivyo vyepesi ni Mwaustria Fritz Barthel, miaka ya 1980, baada ya kupanda Mont Blanc na vifaa vizito vya wakati ule na kurudi hoi. Wengine wakichoka namna hiyo wanaacha. Yeye akaingia karakana. Buti nazo zina kijichuma nyuma: kikiwa juu, kifundo cha mguu kinacheza, kikiwa chini, buti inakaza na kuwa jiwe. Msomaji akishike kichwani hicho kijichuma, kina kesi mbele.

Chini ya skii unabandika ngozi. Zamani zilikuwa ngozi za sili. Siku hizi ni kitambaa chenye manyoya ya mbuzi wa Angora, au nailoni, au vyote viwili. Manyoya yamelala upande mmoja, kwa hiyo skii ikisukumwa mbele inateleza, na ikitaka kurudi nyuma manyoya yanasimama na kuing'ang'ania theluji. Mchagga amefundishwa tangu utoto kwamba mwisho wa mbuzi ni ndafu: aingizwe ukumbini mzima mzima, majani mdomoni, watu wapige vigelegele. Kumkuta mbuzi ananipandisha mlima Marekani kulinifanya nimwombe radhi kimoyomoyo kwa niaba ya ukoo.

Upande wa pili wa ngozi una gundi, na gundi hiyo haina ubaguzi. Inashika skii, inashika soksi, inashika ndevu, inashika zulia la mwenye nyumba. Nilipokuwa nikijizoeza sebuleni, ngozi mbili zilikutana uso kwa uso, na mimi na Mrundi ninayeishi naye tukawekeana miguu tumboni tukivutana mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Halafu ikaja shule. Dada alikataa katakata kunipeleka mlimani kabla sijasoma kozi ya maporomoko ya theluji. Huko tukafundishwa kwamba mabamba ya theluji huvunjika zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, yaani ileile inayovutia kuteremka. Kwamba Northwest Avalanche Center hutoa taarifa ya hatari kila siku katika msimu, kwa ngazi tano. Na kwamba ngazi ya kuogopwa sana si ya tano, maana ya tano hakuna anayetoka nyumbani. Ni ya tatu, pale hatari ni kubwa kiasi na mtu anasema, "Ah, si sana."

Tukafundishwa na vifaa vitatu vya lazima. Cha kwanza ni bikoni, kijiredio kinachovaliwa kifuani na kutoa mawimbi ya kilohezi 457. Ukifukiwa, wenzako wanageuza zao zipokee na kukufuata. Cha pili ni ufito mrefu wa kukunjua, wa kuchoma theluji mpaka uguse mtu. Cha tatu ni beleshi. Mwalimu akatueleza kwamba aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi hivi ana matumaini makubwa, na baada ya robo saa matumaini yanaporomoka. Msaada kutoka mjini haufiki kwa dakika kumi. Kwa hiyo wa kukutoa ni mmoja tu: yule mliyeongozana naye.

Hapo ndipo nilipouelewa mchezo. Beleshi nililolinunua kwa jasho langu haliwezi kunifaa mimi hata kidogo. Ni la mwenzangu. Langu liko mgongoni kwake. Watu wanashinda wiki nzima wakilinganisha upana wa skii, na kumbe chombo cha kuchaguliwa kwanza ni binadamu: ana beleshi, anajua kulitumia, na mna uhusiano wa kutosha kwamba hatasita. Kule kikaoni kwetu tunachanga tuzikane. Huku watu wanajiunga ili wafukuane. Tangu siku hiyo nikaanza kumsalimia Dada kwa adabu zaidi, na deni lake la mchele nikalilipa.

Mtihani ulikuwa uwanjani. Begi lenye bikoni lilifukiwa, mimi nikalitafute huku saa ikihesabu. Nikageuza bikoni ipokee, mshale ukanielekeza kushoto, namba zikaanza kushuka: thelathini, ishirini na mbili, kumi na nne. Ghafla mshale ukaanza kuzunguka, namba zikapanda, zikashuka, zikapotea. Simu ilikuwa ikitetema mfukoni. Simu na bikoni haziivi chungu kimoja. Mtu anayetafuta anatakiwa kuziweka mbalimbali angalau nusu mita, au aizime simu kabisa. Lakini aliyekuwa akipiga ni mama, na mama akipiga mara ya pili bila kujibiwa hupiga kwa shangazi, na shangazi hupiga kwa ukoo mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona unahema?"

"Natafuta begi, mama. Limezikwa kwenye theluji."

Kimya kidogo. "Nani kalizika?"

"Sisi wenyewe."

"Mnalipwa?"

"Tumelipa."

Kimya kirefu. "Hebu nipe mkubwa wenu."

Nikampelekea Dada simu. Nikamsikia akisema shikamoo mama, ndiyo mama, hapana mama, anakula vizuri mama, na mwisho akaapa kwamba yeye ni muuguzi na atanirudisha. Begi lilipatikana muda ambao, kwa mujibu wa mwalimu, ungetosha kulifanyia arobaini.

Siku yenyewe ilikuwa ya Aprili. Tuliondoka saa kumi alfajiri, na minyororo ya tairi kwenye buti la gari, maana hifadhi inadai kila gari liwe nayo majira hayo. Barabara ya mwisho inafunguliwa baada ya mitambo kusukuma theluji, na inapofunguliwa unapita kati ya kuta nyeupe zinazolizidi gari urefu. Paradise hunyeshewa theluji ya wastani wa mita 16 kwa mwaka. Msimu wa 1971 hadi 1972 ilianguka mita 28.5.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu, Mmarekani mwembamba mwenye utepe wa gundi wa rangi ya fedha umezungushwa kwenye fimbo yake ya skii, mviringo juu ya mviringo. Nilidhani ni urembo. Dada alipomwambia natoka Moshi, macho yakamng'aa. Alikuwa amepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Akaniuliza hali ya kambi ya Barafu siku hizi. Nikasema ipo. Akaniuliza nadhani upande upi wa Kibo una mandhari bora. Nikamwambia, kwa uzoefu wangu, wa kituo cha daladala.

Kabla ya kuondoka Dada akakagua begi langu. Kwenye mageti ya Kilimanjaro mizigo ya wapagazi, tunaowaita wagumu, hupimwa kwenye mizani isizidi kilo 20. Hapa mizani ilikuwa jicho la Dada. Akatoa chupa ya chai, akairudisha. Akatoa chapati, akazihesabu, akazirudisha. Akatoa hotipoti.

"Hii ni nini?"

"Wali."

"Mbongo, kwani tunahama?"

Hotipoti ikabaki garini. Badala yake mgambo wa hifadhi akanipa mfuko mdogo wa bluu. Nikashukuru, nikauliza ni wa takataka gani. Akanieleza bila kupepesa macho. Nyumbani mtalii mwenye uwezo anabebewa choo chake cha hema, na yupo kijana anayelipwa kukibeba. Rainier hakuna cha kijana: ulichopanda nacho tumboni utashuka nacho mgongoni. Nikaukunja mfuko ule, nikauweka mfuko wa ndani kabisa, nikalisemesha tumbo langu kwa lugha ya upole.

Tukaanza kupanda. Nilikuwa nimevaa nguo zote nilizonazo, kwa sababu kuna theluji, na theluji ni baridi. Hakuna anayekwambia kwamba anayepanda theluji huchemka. Kabla Paradise haijapotea nyuma yetu nilikuwa nimevua koti, sweta na skafu, na vyote viko mgongoni pale hotipoti ilipokatazwa kukaa. Mwalimu mstaafu akanitazama ninavyohangaika, akanyanyua kidole kimoja.

"Pole pole," akasema.

Nilisimama. Kuna mambo mtu hujiandaa nayo: baridi, maporomoko, kuvunjika mguu. Hakuna aliyeniandaa kuambiwa pole pole na Mmarekani, kwenye mlima wa Marekani, kwa lafudhi ya waongozaji wa Machame. Na hakuishia hapo. Kila nikipumzika alianza kuuimba ule wimbo wa kukaribisha watalii, beti zote, na ikanibidi niitikie kwa sababu ya malezi.

Kwenye mwinuko wa Panorama Point mteremko ukawa mkali, na huwezi kuupanda wima. Unakwenda kwa kona. Kwenye kila kona unainua mguu mmoja wenye ubao mrefu kuliko mke wako, unaugeuza hewani utazame ulikotoka, unautua, halafu unauleta mwingine. Katikati ya tendo hilo miguu yako inaelekea pande mbili za dunia. Hapo ndipo nilipokwama, nimejisokota kama kuku aliyefungwa miguu sokoni, nikisubiri mnunuzi. Dada akawa ananielekeza kutoka juu, "Ya kulia! Ya kulia yako!" Nilishindwa kumwambia kwamba kwa wakati ule sikuwa na uhakika wa kulia kwangu ni kupi.

Nikajinasua kwa kuanguka. Katika kuanguka, ngozi ya skii moja ikabanduka, ikalala chali kwenye theluji, na ile gundi iliyoshika soksi, ndevu na zulia la mwenye nyumba ikakataa kushika skii, kwa kuwa imejaa chembe za theluji. Mguu mmoja ukawa unapanda, mwingine unarudi Paradise. Mwalimu mstaafu akainama bila neno, akaifuta ngozi kwenye suruali yake, akaiingiza ndani ya koti lake ipate joto la tumbo, kisha akairudisha kwenye skii, akabandua utepe kutoka kwenye fimbo yake, akaufunga kwenye ncha na mkia wa skii. Mtu na ngozi ya mbuzi tumboni kwake kwa ajili yangu! Nikamsamehe wimbo wote.

Tukapumzika kwenye mawe juu ya Pebble Creek. Huko ndiko mzee huyo alikonisimulia historia ya nyumbani kwetu: kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kilele cha Kilimanjaro na kuteremka kwa skii, na kwamba ile barafu ya Furtwängler kule juu ndiyo yenye jina la huyo wa kwanza. Nilibishana naye kidogo, kwa uzalendo. Dada akatafuta kwenye simu, akapata. Kumbe kuanzia mwaka uleule wa 1912 hadi 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Mzee akaniuliza hilo linanifanya nijisikieje. Nikamwambia ndiyo maana nimehamia huku. Yetu inaisha, nimekuja kuangalia jinsi wenzetu wanavyotumia yao.

Dada akatoa krimu ya jua. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miali ya jua inayochoma, kwa hiyo unaungua kutoka juu na kutoka chini. Nikamwambia krimu ni ya Wazungu. "Mimi ni nesi," akasema, "na nimemwahidi mama yako." Akanipaka uso mzima mpaka nikafanana na msukule, akanipaka chini ya kidevu, akaniambia nijipake ndani ya tundu za pua. Hilo nikaliona ni la kunivunjia heshima mbele ya mgeni. Wiki iliyofuata ngozi yangu yote ilikuwa salama isipokuwa ndani ya tundu za pua, na kila nikipiga chafya pale ghalani nilitoa sauti ambayo ilisababisha mtu wa usalama kazini kuja kuniandikia fomu.

Saa saba mchana Dada akaangalia saa, akaangalia upande wa magharibi, akasema, "Tunarudi." Camp Muir tulikuwa hatujafika. Nilianza kumbembeleza: tumebakiza kidogo, hali ni nzuri, nitamwambiaje mama. Nikajaribu hadi ule mwendo wa Memorial. Hakutikisika. Uwanda ule, kwa ulaini wake wote, umeua watu, na wengi hawakuuawa na mteremko. Wingu linaweza kushuka kwa muda mfupi, dunia ikawa nyeupe juu, chini na pembeni, na mtu akaelekea kwenye barafu yenye nyufa akidhani anakwenda kwenye gari lake. Ndiyo maana hifadhi inachapisha ramani yenye nyuzi za dira za kurudi Paradise. Katika kikundi cha watu watatu, mmoja akisema turudi, watatu wanarudi. Huo ndio mkataba, na hauna kifungu cha mama.

Tukabandua ngozi, tukafunga visigino. Mzee akatuambia kwamba mwaka 1934 palifanyika mashindano ya Silver Skis, kutoka Camp Muir hadi Paradise, na washindani wote waliachiwa kwa mpigo mmoja, kundi zima likaporomoka mlima. Nikajiona nina nafuu. Mimi nilikuwa nashindana na mlima peke yake.

Nikaanza kuteremka, na papo hapo nikagundua kwamba buti zangu zina maoni yake. Nikiinama mbele zinaniachia, nikirudi nyuma zinanikalisha. Nilikwenda hivyo, nikipiga rukuu na kukaa kitako kwa zamu, mpaka Dada akanifikia na kuninyooshea kidole nyuma ya mguu. Kile kijichuma. Vilikuwa juu, kwenye kutembea, vyote viwili. Na theluji yenyewe ilikuwa imelowa jua la mchana, nzito, ile ambayo wenyeji wa milima ya Cascade huiita zege. Kila nikianguka nilikuwa kama nguzo mpya, inabidi nichimbuliwe. Mabeleshi yakafanya kazi hapo bila kusubiri maporomoko.

Kisha wingu likatushika, jinsi Dada alivyosema. Mzee akatangulia na dira, Dada akafuata, mimi nyuma yao nikitazama begi jekundu la Dada. Weupe ule unachezea akili. Nilihisi nakwenda kasi, upepo usoni, theluji inanipita. Nikajikaza, nikakunja magoti, nikajitayarisha kwa kona. Begi jekundu halikusogea. Nilikuwa nimesimama kabisa, na wao wamesimama wakinisubiri. Nikaanguka hivyohivyo, kutoka kwenye kusimama, kwa kasi ya sifuri, na hakuna kuanguka kunakouma heshima kuliko huko.

Tulifika garini tukiwa wazima. Mzee alikula wali wa hotipoti mpaka akakwangua, akasema tangu Machame hajala hivyo. Mfuko wa bluu nilimrudishia mgambo ukiwa haujafunguliwa, na hilo ndilo jambo pekee la siku ile nililolitangaza kwenye kundi la ukoo.

Habari haikukaa. Kikao kilichofuata cha chama, Baba Mkubwa alisimama na daftari lake hata kabla ya sala ya ufunguzi. Alisema katiba ya chama imeandikwa kwa ajili ya kifo cha kudra, si kifo cha kupanda ngazi kukifuata. Alisema amesikia wapo wanachama wanaolipia fedha yao wenyewe ili wafukiwe. Akapendekeza wanachama wa aina hiyo wachange mara mbili, na akaomba iandikwe kwenye muhtasari leo hii, kabla hawajapanda tena.

Katibu, ambaye ndiye Dada, akaweka kalamu chini, akaiweka bikoni mezani, akaeleza kwa utaratibu. Ufito, beleshi, dakika kumi, ngazi ya tatu, kurudi saa saba hata kama umebakiza kidogo. "Baba Mkubwa," akamalizia, "wewe unalipa tukishakufa. Sisi tunafukuana kabla hujalipa. Kwani nani hapa anakuokolea pesa?"

Baba Mkubwa aliigeuza bikoni, akaisikiliza ikilia, akaitazama nyuma kuona bei. Alifikiri muda mrefu, vidole vikipiga hesabu kwenye daftari. Mwisho akatoa uamuzi, na uko kwenye muhtasari: wapanda mlima watachanga sawa na wengine, mradi kila mmoja awe na mwenzake mwenye beleshi na aonyeshe beleshi hilo kwa mweka hazina mara moja kila mwaka. Chapati za kikao kijacho juu yetu. Katika mengineyo, mchungaji wetu wa Lubumbashi aliuliza buti zangu ni saizi gani.